Tuambieni Wingu Litafika Saa Ngapi

Mimi ni fundi wa sola. Kibanda changu kiko Nkoma, kaskazini mwa mji wa Mbale, kwenye barabara iendayo Kumi, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiislamu. Ukisimama mlangoni ukatazama mashariki unaiona Wanale imeinamia mji, na juu ya Wanale, karibu kila siku ya majira ya mvua, lipo wingu ambalo ndilo mkubwa wangu wa kazi. Likibaki mlimani hadi jioni, wateja wangu hulala taa zikiwaka. Likiteremka mjini saa saba mchana, simu yangu huanza kulia saa mbili usiku: "Fundi, betri uliyoniuzia ni mbovu." Betri si mbovu. Ilikosa jua la mchana mzima, na mwenye betri hakuambiwa mapema kwamba atalikosa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Msimu tunatangaziwa, na siku pia tunatangaziwa, lakini saa hatutangaziwi. Na saa ndiyo tunayoihitaji sisi tunaoishi kwa jua: mafundi, waanika kahawa, wauza maziwa, wenye saluni, wenye pampu za kumwagilia mboga. Picha za kutuwezesha kuijua saa hiyo zinapigwa kutoka angani kila robo saa, usiku na mchana, na zinafika hadi Uganda. Kinachokosekana ni mtu wa kuzigeuza kuwa sentensi moja ya redioni: jua litashika Mbale hadi saa sita, baada ya hapo msilitegemee.

Sisemi kwamba Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, imelala. Kila mwaka hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei, wa Juni hadi Agosti, na wa Septemba hadi Desemba, na hufanya juhudi ya kuutafsiri kwa lugha za wenyeji. Mkulima anayetaka kujua lini apande mahindi anapata pa kuanzia. Utabiri wa siku nao upo. Lakini "mawingu kiasi na vipindi vya jua, mvua baadhi ya maeneo" ni maneno ambayo hata mimi naweza kuyasema Aprili nzima nikiwa nimefumba macho. Simu nazo ndizo hizohizo: fungua utabiri wa Mbale katika majira ya mvua, utaona kila siku kijiwingu kile kile chenye radi na matone matatu, Jumatatu hadi Jumapili. Mifano ya kompyuta inayotabiri dunia nzima huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita tisa, kumi na tatu, au zaidi. Katika mraba wa namna hiyo Nkoma na kilele cha Wanale vinakuwa kitu kimoja, wakati anayeishi hapa anajua kwamba huku kunaweza kuwa jua kali na kule mvua ya mawe.

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa pale Pakwach, kaskazini magharibi mwa nchi. Watu walitoka nchi za mbali, viongozi wakuu wakafika, miwani maalumu ikauzwa barabarani. Giza kamili lilidumu chini ya nusu dakika, na saa yake ilijulikana miaka mingi kabla. Nchi nzima ilijiandaa kwa ajili ya nusu dakika. Wingu linalonifunikia jua kwa muda wa saa tatu au nne kila alasiri, na kumharibia mama wa watu gunia la kahawa, halina aliyepewa kazi ya kulitangaza. Nikisema hivi, huwa najibiwa kwamba mwezi una njia yake na wingu halina. Wingu lina njia. Ni fupi tu, na inabadilika, kwa hiyo mwenye kuifuatilia hawezi kuangalia mara moja kwa siku akaenda zake.

Zamani wa kuifuatilia hakuwepo, sasa yupo. Setilaiti za Meteosat huendeshwa na shirika la EUMETSAT, lenye makao mjini Darmstadt, Ujerumani. Ya kwanza ilirushwa Novemba 1977. Zinakaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta na huzunguka kwa kasi ileile ya dunia, kwa hiyo ukizitazama kutoka chini ni kama zimesimama, nazo macho hayatoki Afrika. Kizazi cha pili, kilichoanza kurushwa mwaka 2002, hupiga picha ya bara lote kila dakika 15 kwa mikanda 12 ya mwanga na joto. Cha tatu kilianza tarehe 13 Desemba 2022, roketi ilipopaa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa: hicho hupiga kila dakika 10 na kina jicho la kuhesabu radi. Nchi za Afrika zilifungiwa mitambo ya kupokea picha hizi tangu miaka ya 2000, kupitia mradi ulioitwa PUMA. Ni dishi na kompyuta.

Kutabiri kwa picha hizo kuna akili ambayo fundi yeyote anaweza kuifahamu. Chukua picha ya saa nne kamili na ya saa nne na robo. Katika ya kwanza kata kipande cha wingu, kisha kitafute katika ya pili: kimehamia wapi? Umbali uliohama, ukiugawa kwa robo saa, ndio mwendo. Fanya hivyo kwa kila kipande, nawe utapata ramani iliyojaa mishale. Sasa yasukume mawingu mbele kwa kuifuata mishale hiyo, nusu saa, saa moja, saa mbili, na uone yatakuwa juu ya nani. Kazi hii hufaa kwa saa chache tu. Ukitaka kwenda mbele zaidi, tuseme baada ya saa sita, mifano mikubwa ya kompyuta huanza kuishinda mishale, kwa sababu kufikia hapo mawingu uliyoanza nayo yamekwisha kufa na mengine yamezaliwa.

Linabaki swali la jua lenyewe: wingu limefika, je, limebakisha mwanga kiasi gani? Mwaka 1986 watafiti wa Ufaransa walichapisha njia iliyokuja kuitwa Heliosat, na bado ndiyo msingi wa kazi nyingi za leo. Kila mahali pana kiwango chake cha mng'ao siku isiyo na wingu. Ziwa ni jeusi, mchanga unameremeta, mashamba yako katikati. Ukijua Nkoma ikiwa wazi inang'aa kiasi gani, basi mng'ao wowote unaozidi hapo ni wa wingu, na kadiri wingu linavyorudisha mwanga juu kwenye setilaiti ndivyo unavyopungua unaofika kwenye paneli yangu. Mchana wa jua kali hapa ikweta, mita moja ya mraba hupokea wati zipatazo 1,000. Wingu zito linaweza kuzishusha chini ya 200. (Kuna kioja kimoja ambacho wateja hawakiamini mpaka niwaonyeshe kwenye mita: wingu jeupe likiwa karibu na jua bila kulifunika, paneli hutoa umeme mwingi kuliko siku isiyo na wingu hata chembe, kwa sababu ukingo wa wingu huongeza mwanga wake juu ya ule wa jua. Dakika mbili baadaye wingu linafunika na sindano inaanguka.)

Mimi mwenyewe tayari nakula kwa jasho la setilaiti hizi. Mteja akija anataka friji, namfungulia kwenye simu PVGIS, kikokotoo cha bure kilichotengenezwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kule Ispra, Italia. Naweka kidole juu ya Mbale, naandika ukubwa wa paneli na mwinamo wa paa, nacho kinaniambia nitegemee umeme kiasi gani Januari na kiasi gani Julai. Namba hizo zimetoka katika picha za Meteosat za miaka mingi. Kwa hiyo jua lililokwisha kuwaka juu ya paa langu ninalijua, bure, kutoka Italia. La leo alasiri silijui. Hali hiyo inanikera kuliko mteja asiyelipa.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo wauza programu za utabiri hawalisemi. Ile mishale niliyoieleza inafaa sana nchi za Ulaya, ambako mawingu mengi hutoka baharini yakisafiri kwa safu, unayaona juu ya Ureno kabla hayajafika Ufaransa. Mawingu yetu mengi hayasafiri kuja. Yanazaliwa hapahapa. Mlima Elgon una urefu wa mita 4,321. Asubuhi jua linapasha miteremko yake, hewa inapata joto na kupanda ikibeba unyevu wa Ziwa Viktoria, wa Kyoga na wa mabwawa yaliyo kati yake, na ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Saa tatu asubuhi mbingu ni safi. Saa tano kuna vijiwingu vyeupe juu ya Wanale. Saa saba vimesimama kama minara, na upepo wa juu, ambao kwetu mara nyingi hutoka mashariki, unaanza kuviteremsha kuelekea mjini na kwenye tambarare za Kumi na Pallisa. Mshale hauwezi kuonyesha mwendo wa wingu ambalo halijazaliwa.

Kwa mawingu ya namna hii dawa ni kuangalia uzazi wenyewe. Mikanda ya joto ya setilaiti hupima ubaridi wa kilele cha wingu, na kadiri wingu linavyopanda ndivyo kilele kinavyopoa. Kilele kikipoteza nyuzi kadhaa za joto ndani ya robo saa moja, hilo ni wingu linalokua, na anayelitazama anajua kwamba baada ya saa moja kutakuwa na kivuli kikubwa, pengine na radi. Ukichanganya hilo na kumbukumbu za miaka mingi, kwamba siku iliyoanza hivi kwa kawaida huishia vile, unapata utabiri wa Elgon, usioazimwa Ureno. Ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kununuliwa kutoka nje ikiwa imekamilika. Inataka watu wanaoijua Wanale.

Inataka pia watu wanaojua kwamba setilaiti hututazama kwa pembeni. Ile kuu ya Meteosat iko juu ya Ghuba ya Guinea, kwenye nyuzi sifuri, nasi tuko nyuzi 34 mashariki yake. Inasoma mawingu yetu kama mtu anayesoma saa ya ukutani akiwa amekaa pembeni kabisa mwa chumba: mshale anauona, lakini anauona umesogea. Wingu lenye kimo cha kilomita 12 lililo juu ya Nkoma litachorwa kwenye ramani kilomita kama kumi mashariki, yaani nyuma ya Wanale. Asiyelirekebisha hilo atawatangazia watu wa mlimani mvua ya watu wa mjini. Bahati nzuri ipo Meteosat nyingine iliyowekwa upande wa Bahari ya Hindi, tangu 2022 kwenye nyuzi 45.5 mashariki, inayotuona karibu kutoka utosini, na kosa lake kwetu ni kama kilomita tatu tu. Anayetabiri kwa ajili yetu aanze na hiyo.

Nani hasa atafaidika? Wengi wanapozungumzia jua na utabiri hukimbilia mitambo mikubwa, kwa hiyo nianze na hiyo ili niiweke mahali pake. Mashariki ya Uganda tuna mitambo mitatu ya sola iliyounganishwa na gridi, kila mmoja wa megawati 10: wa Soroti, uliozinduliwa Desemba 2016, wa Tororo, uliofuata 2017, na wa Bufulubi, wilaya ya Mayuge, wa 2019. Jumla ni megawati 30. Tangu bwawa la Karuma na megawati zake 600 likamilike mwaka 2024, uwezo wa nchi umepita megawati 2,000. Anayesema kwamba wingu likifunika Soroti gridi ya Uganda inatikisika anatia chumvi. Pale Jinja kuna Nalubaale, bwawa lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na jirani yake Kiira. Maji yakifunguliwa kidogo pengo limezibwa. Ujerumani ilikuwa na sababu ya kuhangaika tarehe 20 Machi 2015, jua lilipopatwa asubuhi huku nchi hiyo ikiwa na makumi ya maelfu ya megawati za sola juu ya mapaa na mashamba. Walijiandaa miezi mingi, na umeme haukukatika. Sisi bado hatujafika huko.

Wanaoumizwa na wingu ni wadogo. Kisiwa cha Lolwe, wilaya ya Namayingo, kina gridi ndogo ya sola inayowahudumia wavuvi, pamoja na barafu ya kuhifadhia samaki. Huko hakuna Nalubaale wa kuziba pengo. Muuza maziwa wa hapa Nkoma ana paneli nne na jokofu moja. Akijua kwamba jua litakwisha saa saba, atagandisha chupa zake za barafu asubuhi na kuacha kuchaji simu za watu hadi kesho. Asipojua, atachaji simu asubuhi kwa sababu ndizo zinazoleta pesa taslimu, na jioni atamwaga maziwa. Mwenye saluni atafanya kazi za mashine ya kukausha nywele kabla ya adhuhuri, za kusuka baadaye. Hakuna kati yao anayehitaji kununua kifaa. Wanahitaji kupanga upya siku waliyo nayo tayari.

Na kuna kahawa. Arabika ya Bugisu ndiyo iliyoijenga Mbale. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kina majengo yake hapa tangu miaka ya 1950. Baada ya kumenywa na kuoshwa, kahawa huanikwa kwenye vichanja au turubai mpaka unyevu wake ushuke hadi asilimia kama 12. Inataka siku nyingi za jua, na haitaki kulowa tena ikishaanza kukauka: ikilowa huvunda, hubadilika rangi, na mnunuzi huisukuma pembeni au huitaja kwa bei ya dharau. Hajati mmoja, jirani yangu, hununua kahawa mbichi kutoka kwa wakulima wa mlimani na kuikausha uani kwake. Nilipomwonyesha picha za setilaiti kwenye simu alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Fundi, hii inaniambia nianue saa ngapi?" Nikamwambia haisemi. Akanirudishia simu. "Basi ni picha nzuri tu."

Alisema kweli. Kuanua kahawa na kuianika tena ni kazi ya watu watatu kwa saa nzima, na hao watatu hulipwa. Ukianua kila unapoliona wingu, utamaliza pesa na kahawa haitakauka. Ukikaidi, siku moja itakukuta. Sasa yeye hukisia kwa kutazama Wanale, na anakisia vizuri kuliko simu yangu. Lakini mlima humwonyesha upande wa huku tu, na wingu linaloanzia Bududa halioni mpaka limevuka.

Mawingu yanayotunyima jua ndiyo yanayotuua. Jumamosi ya tarehe 30 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, na kufikia Jumapili mito ya Nabuyonga na Namatala ilikuwa imetoka kingo zake na kupita katikati ya mji. Watu zaidi ya ishirini walikufa. Setilaiti huona vilele vya mawingu usiku kama inavyoviona mchana, kwa mikanda ile ile ya joto. Ziwani nako, watafiti walionyesha katika majarida ya kisayansi ya mwaka 2016 na 2017 kwamba dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu, zikitazamwa kwa setilaiti, husaidia kujua kama usiku Ziwa Viktoria litachafuka. Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza kati ya 2017 na 2021, uliwapelekea wavuvi wa ziwa hilo utabiri wa upepo, mawimbi na radi, kwa vipande vya siku na kwa lugha wanazozielewa. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kufanyika kwa wavuvi. Chumba kimoja chenye watu wanaotazama picha kila robo saa kinaweza kumwambia Hajati aanue na kumwambia wa Namatala ahame. Ofisi itakayozoea kutangaza jua kila siku haitababaika siku ya mafuriko, na wasikilizaji watakuwa wamekwisha kuipima na kujua iaminiwe kiasi gani.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza: utabiri wa saa utakosea, na ukikosea watu watauacha. Utakosea, ndiyo. Basi utolewe kwa uzani wake: siku saba kati ya kumi kama hii, wingu hufunika mji kabla ya saa nane. Husemwa kwamba watu wa kawaida hawaelewi uwezekano. Mwenye kusema hivyo aje Mbale Jumamosi mchana, apite kwenye maduka ya kubashiri mpira. Atakuta kijana aliyeacha shule darasa la saba akisoma odi za Arsenal, akizilinganisha na za kampuni nyingine na kueleza kwa nini sare ina faida zaidi. Kijana huyo akiambiwa saba kwa kumi ataelewa vizuri kuliko karani aliyeandika "vipindi vya jua".

Pingamizi la pili ni pesa, na hapo nina pendekezo. Utabiri wa setilaiti haunoleki bila vipimo vya ardhini: lazima mtu akwambie jua ulilokisia saa tano lilikuwa kiasi gani kwa kweli. Mtambo wa sola wa megawati 10 haujengwi bila vipima mionzi ya jua, kwani ndivyo vinavyomwonyesha mwenye mtambo kama paneli zake zinatoa inavyostahili. Soroti, Tororo na Mayuge ni vituo vitatu vilivyotawanyika vizuri ajabu: kimoja karibu na ziwa, kimoja upande wa mpaka, kimoja katika tambarare za Teso, na Elgon iko mashariki yao. Soroti na Tororo vilijengwa chini ya mpango wa GET FiT, kwa msaada wa fedha za umma za Ulaya, na umeme wake unanunuliwa kwa mikataba ya miaka mingi ambayo mlipaji wa mwisho ni mimi na wewe. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme inaweza kuandika katika leseni mstari mmoja: vipimo vya jua vya kila dakika kumi vipelekwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuwekwa wazi kwa umma. Vipimo hivyo si siri ya biashara. Jua la Soroti halina hatimiliki.

Vijana wa kufanya hesabu tunao. Chuo Kikuu cha Kiislamu kiko hapa Nkoma, Busitema iko njia ya kwenda Busia, Makerere inafundisha elimu ya hali ya hewa. Uganda ilikwisha kupeleka wahandisi wake Japani wakatengeneza setilaiti ndogo, PearlAfricaSat-1, iliyoachiwa angani Desemba 2022. Tulipiga makofi, na haki ilikuwa yetu. Lakini kwa maoni yangu kijana anayeweza kuandika programu ya kufuatilia kuzaliwa kwa wingu juu ya Wanale, kwa picha zilizopo tayari, anaifanyia Mbale kazi kubwa kuliko setilaiti nyingine ndogo. Apewe dawati, kompyuta, intaneti isiyokatika na mshahara.

Na lugha. Utabiri huu usitolewe kwa Kiingereza peke yake kwenye mtandao, utazamwe na watu wale wale wenye inveta kubwa. Utangazwe redioni kwa Lugisu, kwa Ateso, kwa Lusoga, na kwa Kiswahili, ambacho dereva wa lori la Malaba, muuza duka Mnubi na mchuuzi wa sokoni wote wanakielewa, na ambacho serikali yenyewe imekitambua kuwa lugha rasmi. Sentensi mbili zinatosha, saa moja asubuhi na tena saa tano. Ile ya saa tano ndiyo yenye thamani zaidi, kwa kuwa hapo mlima umekwisha kuonyesha nia.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, Waislamu wa Nkoma hupanda juu ya mapaa kutafuta mwandamo, na swali la kwanza jioni hiyo si la mwezi bali la wingu: litaondoka kabla ya magharibi au halitaondoka? Hata hilo lingepata jibu.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa ianze na Mbale, msimu huu wa kuanika kahawa, kwa majaribio, ikikubali kukosea hadharani. Naiomba Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ivifungue vipimo vya Soroti, Tororo na Mayuge. Nanyi wenye redio za Mbale na Jinja, ambao mna nafasi ya kutangaza odi za mpira kila saa, toeni sekunde ishirini saa tano asubuhi kwa ajili ya jua. Sisi wengine tutawasikiliza tukiwa juu ya mapaa.